Uchambuzi wa kisa: Kompyuta ya kwanza ya gemu ya kijana wa Tanga, iliyounganishwa kwa vifaa vya Kariakoo

Usuli

Kisa hiki ni cha mwaka 2024. Kimeandikwa kwa idhini ya mhusika, baada ya kuondoa majina, mtaa anaoishi na maduka yote yaliyohusika.

Mhusika ni kijana wa Tanga mjini, mwenye umri wa miaka ishirini na ushei, aliyekulia kwenye mabanda ya PlayStation ya Ngamiani na ambaye kwa muda mrefu alikuwa akiweka akiba ili aunganishe kompyuta yake mwenyewe. Fedha aliyokuwa nayo, pamoja na mchango wa mjomba wake, ilikuwa Sh 2,000,000, nayo ilipaswa kutosha mashine, monita, kibodi, kipanya na kinga ya umeme. Alitaka kucheza Valorant, GTA V na gemu la mpira la EA Sports FC, na wakati mwingine kuhariri video fupi za harusi za jamaa zake. Hakuwa amewahi kufungua kompyuta ya mezani.

Aliyenihusisha ni mjomba wake. Alikuja na karatasi ya orodha mkononi akaniambia, "Fundi, huyu mpwa wangu akinunua vibaya hatapata fedha nyingine mwaka huu. Naomba umwelekeze kabla hajatuma hata senti." Ombi hilo lilikuwa la busara kuliko yeye mwenyewe alivyodhani, kwa sababu maduka mengi ya kompyuta ya Tanga huuza kompyuta mpakato, printa na mashine za ofisini zilizotumika, na anayetaka kadi ya grafiki (kifaa kinachochora picha za skrini) au ubao mama (unaobeba vifaa vingine vyote) wa aina fulani hulazimika kuagiza Dar es Salaam, kilomita zipatazo 350 kwa barabara, kisha kupokea kifurushi kutoka kwenye basi. Hapo ndipo ilipo hoja yangu katika uchambuzi huu: kwa mtu aliye mbali na soko la vifaa, bei haiishii dukani, bali hujumlisha pia gharama ya kukirudisha kifaa kisipolingana na vingine. Hali ya Tanga yenyewe inaongeza mambo mawili, yaani umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, na joto la msimu wa kaskazi lenye unyevu na chumvi ya bahari.

Orodha ya kwanza na sababu za kuiacha

Karatasi aliyokuja nayo mjomba ilikuwa na mipango miwili. Wa kwanza ulikuwa kununua kompyuta nyembamba ya ofisini iliyotumika, yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Core i7-6700, kisha kuichomeka kadi ya grafiki ya GTX 1650. Wa pili ulikuwa kununua kasha lenye taa za rangi linalouzwa pamoja na pawa saplai (kifaa kinacholisha kompyuta umeme) ya "wati 700", na kujaza humo vifaa vya bei nafuu.

Mpango wa kwanza ulivutwa na jina la i7, ambalo vijana wengi hulichukua kama cheo kisichoshuka. Prosesa hiyo ni ya mwaka 2015 na ina viini vinne (sehemu zake zinazofanya kazi) na nyuzi nane (kazi inazoweza kuendesha sambamba), idadi ileile iliyomo katika Core i3-12100 ya mwaka 2022, ambayo inaishinda kwa mbali kwa sababu kila kiini chake hufanya kazi kubwa zaidi kwa muda uleule. Isitoshe, i7-6700 haimo katika orodha ya prosesa ambazo Windows 11 inazikubali rasmi. Kikwazo kingine kilikuwa umbo la mashine yenyewe: kompyuta nyembamba za ofisini hupokea kadi fupi za nusu kimo tu, na pawa saplai zake mara nyingi zina umbo la mtengenezaji na hazina waya wa ziada wa kulisha kadi, kwa hiyo siku mwenye mashine akitaka kadi kubwa zaidi hawezi kubadilisha pawa saplai peke yake.

Mpango wa pili niliupinga kwa nguvu zaidi. Tulitafuta picha ya kibandiko cha ile pawa saplai ya "wati 700", na tukakuta kwamba njia yake ya volti 12, ambayo ndiyo inayolisha prosesa na kadi ya grafiki, inatoa ampea 25 tu. Ampea 25 zikizidishwa kwa volti 12 ni wati 300. Zile wati 700 za juu ya boksi hazina maana yoyote kwa kompyuta ya gemu, na kifaa cha namna hiyo kikiharibika umeme ulipotikisika kinaweza kuondoka na ubao mama na diski. Mtu akibanwa na fedha, ni bora akose taa, akose vioo, akose hata nusu ya nafasi ya diski, lakini si pawa saplai ya kuaminika.

Maamuzi ya vifaa vikuu

Nilimwomba mhusika aanze upya kwa kufuata mpangilio mwingine: kwanza monita, halafu kadi ya grafiki, halafu prosesa, na mwisho vile vinavyovihudumia hivyo vitatu. Sababu ni kwamba monita ndiyo inayoamua ukubwa wa kazi. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli takriban milioni 2.07, ilhali ile ya 2560 kwa 1440 ina takriban milioni 3.69, na kila pikseli inachorwa na kadi ya grafiki upya mara nyingi kwa sekunde. Kwa fedha aliyokuwa nayo, 1080p ilikuwa chaguo la haki. Akaamua kuchukua monita iliyotumika ya inchi 24 yenye hezi 144, yaani inayobadilisha picha mara 144 kwa sekunde, kwa kuwa katika Valorant wepesi wa picha una faida anayoihisi mchezaji kila anapogeuka.

Kwa kadi ya grafiki ushindani ulikuwa kati ya tatu. GTX 1650 mpya ilikuwa na mvuto wa upya wake, lakini kumbukumbu yake ya GB 4 inabana katika magemu ya miaka ya karibuni. RX 580 iliyotumika ilikuwa ya bei ya chini kabisa, ila inakula wati 185, nyingi zimepitia kazi ya kuchimba sarafu za kidijitali mchana na usiku, na sokoni limeenea toleo lake la 2048SP, lenye vitengo 2048 vya kuchakata badala ya 2304, ambalo mnunuzi asiye makini huuziwa kwa jina la RX 580 kamili. RX 6600 iliyotumika ilikuwa ghali kuliko zote mbili, lakini ina GB 8, inakula wati 132 na inatosheka na waya mmoja tu wa pini 8. Hizo wati 132 ndizo zilizoamua. Kadi inayokula kidogo inapunguza ukubwa wa pawa saplai inayohitajika, inapunguza ukubwa wa UPS (betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika), na inapunguza joto linalomwagwa ndani ya chumba ambacho tayari kina joto. Tofauti ya bei dhidi ya RX 580 ilijilipa humo.

Prosesa ilichukua muda mrefu kujadiliwa. Soketi (tundu la kukalia prosesa) mpya ya AM5 iliondolewa mapema, kwa kuwa inalazimisha RAM (kumbukumbu ya muda) ya DDR5 na ubao mama ambao peke yake ungemeza sehemu kubwa ya bajeti. Zikabaki Core i3-12100F, Ryzen 5 5600 na Ryzen 5 5600G. Ile i3 ingetosha kwa gemu, ila kwa uhariri wa video viini sita vya Ryzen vina faida inayoonekana. Kati ya Ryzen mbili, 5600G ina grafiki ya ndani, kwa hiyo kompyuta huwaka na kuonyesha picha hata bila kadi. Lakini ina kashe (kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa) ya MB 16 badala ya MB 32, na njia yake ya kuzungumza na kadi ni PCIe 3.0 badala ya 4.0. Jambo hili la mwisho lina uzito kwa RX 6600, ambayo hutumia njia nane tu badala ya kumi na sita, na hivyo hupoteza kidogo inapochomekwa kwenye PCIe 3.0. Kwa kuwa fedha ya kadi ilikuwapo tangu mwanzo, mhusika alichagua 5600. Tulijua kwamba kwa kufanya hivyo anakosa njia rahisi ya kupima kompyuta isipoonyesha picha.

Vilivyobaki havikuwa na ubishi mkubwa: RAM ya DDR4-3200 ya GB 16 kwa vipande viwili vya GB 8, kwa sababu vipande viwili hufungua mikondo miwili ya kumbukumbu, diski ya SSD ya NVMe ya TB 1, kwa kuwa baadhi ya magemu ya leo hupita GB 100 na mtu anayelipia intaneti kwa kifurushi hapendi kufuta na kupakua tena, pawa saplai ya wati 550 yenye cheti cha 80 Plus Bronze kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, na UPS ya VA 650. Cheti cha 80 Plus hupima ufanisi wa kugeuza umeme tu, hakithibitishi ubora wa kinga, na ndiyo maana jina la mtengenezaji liliangaliwa pia. UPS nayo husomwa kwa wati, wala si kwa VA: zile za VA 650 mara nyingi hutoa wati 360 hadi 390, kiasi kilichotosha kompyuta hii pamoja na monita kwa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu.

Ubao mama ulioandikwa ulikuwa wenye chipseti (chipu inayosimamia ubao) ya B550. Kasha nililopendekeza lilikuwa lenye wavu mbele. Mhusika alichagua la kioo.

Ununuzi

Binamu yake aishiye Dar es Salaam alikubali kwenda Kariakoo kwa niaba yake. Kadi iliyotumika ilishughulikiwa kwa uangalifu: binamu alisisitiza ichomekwe dukani, iendeshwe kwenye programu ya kuibebesha mzigo kwa nusu saa, na picha za jina la kadi, kiasi cha kumbukumbu na joto zitumwe kwa WhatsApp kabla ya kulipa. Muuzaji wa kwanza alikataa, wa pili akakubali, na kadi ikanunuliwa kwa huyo wa pili.

Kosa lilipita mahali ambapo hakuna aliyekuwa akilinda. Ubao wa B550 ulikuwa umekwisha katika duka lile, na muuzaji akatoa wa B450 kwa bei pungufu ya Sh 40,000, akimhakikishia binamu, "Kaka, soketi ni ileile AM4, itakaa tu." Binamu aliona ameokoa fedha, akakubali bila kupiga simu. Kauli ya muuzaji ilikuwa ya kweli kuhusu soketi. Kilichoachwa ni kwamba chipseti ya B450 ilitoka mwaka 2018, Ryzen 5 5600 ikatoka mwaka 2022, na ubao uliokaa rafuni na BIOS (programu ya kuwashia iliyomo ndani ya ubao) yake ya awali hauitambui prosesa iliyozaliwa baada yake, hata kama pini zinaingia sawasawa.

Siku ya kuunganisha

Kazi ya kuunganisha yenyewe ilikwenda vizuri. Mhusika aliifanya kwa mikono yake, mimi nikiwa pembeni: prosesa ilikaa bila kulazimishwa, RAM ikaingia tundu la pili na la nne kuanzia upande wa prosesa, kipoza joto kilichokuja na prosesa kikafungwa kwa bisibisi kwa kukaza skrubu mkabala. Ilipowashwa, feni zilizunguka, taa zikawaka, na skrini ikabaki nyeusi.

Hatua za kutafuta chanzo zilifuata mpangilio wa gharama, kuanzia kisichogharimu kitu. Kebo ya monita ilihakikishwa kuwa imechomekwa kwenye kadi na si kwenye ubao mama, kosa la kawaida mno kwa wanaoanza, na kwa prosesa isiyo na grafiki ya ndani tundu la ubao mama halitoi picha kamwe. Kisha tulijaribu kipande kimoja cha RAM kwa zamu katika kila tundu. Kisha kadi ilitolewa na kurudishwa. Muda wote huo taa ndogo nyekundu ya ubao mama, iliyo kando ya maandishi ya CPU (yaani prosesa), haikuzima, na tuliposoma namba ya toleo la BIOS kwenye kibandiko cha ubao na kuilinganisha na orodha ya mtengenezaji, jibu likapatikana: toleo lile lilitangulia familia nzima ya Ryzen 5000, ambayo 5600 imo ndani yake.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuurudisha ubao Dar es Salaam kwa basi na kumsihi muuzaji abadilishe, jambo ambalo lingechukua siku kadhaa, nauli ya kifurushi mara mbili, na hatari ya kuambiwa kwamba mfuko umeshafunguliwa. Ya pili ni kupata prosesa ya zamani ya AM4, kuwasha nayo, kusasisha BIOS, kisha kurudisha 5600. Ubao huu haukuwa na kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa, kwa hiyo njia ya mkato haikuwapo. Tuliulizia kwa mafundi, na mmoja akakumbuka kwamba stesheni moja (duka la vifaa vya ofisini) mjini ilikuwa na mashine ya Ryzen 3 2200G. Mwenye duka alikubali iazimwe kwa mchana mmoja, kwa sharti kwamba itolewe mbele yake na irudishwe siku hiyohiyo.

Mambo mawili yalilindwa hapo. Pini za prosesa za AM4 ziko kwenye prosesa yenyewe, na gundi ya joto iliyokauka huweza kuing'oa prosesa pamoja na kipoza joto na kuzipinda. Kwa hiyo mashine ya duka iliachwa iwake mpaka ipate joto, ikazimwa, na kipoza joto kikazungushwa taratibu kulia na kushoto kabla ya kuinuliwa. La pili lilikuwa umeme. BIOS ikikatizwa katikati ya kuandikwa, ubao huweza kufa kabisa, na mhusika alikuwa ameipanga UPS inunuliwe mwisho, fedha ikibaki. Ilinunuliwa siku hiyo kabla ya lolote, ikachajiwa, ndipo faili likasomwa kutoka kwenye flashi. Usasishaji ulikamilika, 5600 ikarudishwa mahali pake, na skrini ikawaka.

Matokeo

Kompyuta ilifanya kazi iliyotarajiwa kwa 1080p, ingawa wiki za mwanzo ilikuwa ikitumika chini ya uwezo wake kwa sababu mbili ambazo mhusika hakuzijua. RAM ilikuwa ikienda kwa kasi ya 2400, kwa kuwa kasi ya 3200 iliyoandikwa kwenye boksi huja baada ya kuwasha XMP (mpangilio wa kasi ya RAM) ndani ya BIOS. Na Windows ilikuwa imeiacha monita kwenye hezi 60. Marekebisho yote mawili yalichukua dakika chache, na tofauti katika Valorant aliiona mara moja.

Kasha la kioo lilileta shida msimu wa kaskazi ulipoingia. Hewa haikuwa na njia ya mbele, feni za kadi zikawa zinanguruma, na mhusika akaanza kufungua ubavu wa kasha kila anapocheza, huku meza ikiwa chini ya dirisha linalopokea upepo wa bahari wenye vumbi na chumvi. Tulikubaliana mambo matatu: meza ihamishwe ukuta wa pili, feni mbili za kuingiza hewa zifungwe pale ambapo kioo kinaacha upenyo, na fremu (picha ambazo kadi huchora kwa sekunde) ziwekewe kikomo ndani ya magemu. Hilo la mwisho halikugharimu chochote na ndilo lililosaidia zaidi, kwa sababu kadi inayochora fremu 250 kwa monita ya hezi 144 inageuza umeme kuwa joto bila faida kubwa kwa macho.

Uchambuzi

Lililofanikiwa zaidi ni kuanza na monita na kushuka. Ilimzuia mhusika kulipia jina la prosesa, na ilifanya kila uamuzi uliofuata uwe na kipimo. Kupima kadi dukani kulifanikiwa vilevile, na ningependa kila anayenunua kadi iliyotumika kupitia ndugu afanye hivyo, kwa kuwa muuzaji anayekataa mzigo wa nusu saa ameshatoa taarifa muhimu kuhusu kadi yake.

Kilichoshindwa ni orodha yenyewe kama waraka wa kazi. Iliandika "ubao mama B550, AM4" kwa mtu asiyejua kwa nini B550, na mtu asiyejua sababu ya sharti hana namna ya kujua ni lini sharti limevunjwa. Simlaumu binamu hata kidogo. Alikuwa na duka mbele yake, bei iliyoshuka na kauli ya soketi iliyo sahihi. Hata hivyo, B550 nayo isingekuwa dhamana kamili, kwa kuwa chipseti hiyo ilitoka katikati ya mwaka 2020, miezi michache kabla ya Ryzen 5000. Sharti lililopaswa kuandikwa ni hili: ubao uwe na toleo la BIOS linaloitambua 5600, lisomwe kwenye kibandiko kabla ya kulipa, au uwe na kitufe cha kusasisha bila prosesa, na kifaa chochote kisibadilishwe bila simu. Muuzaji wa Kariakoo anaweza kusasisha BIOS palepale kaunta kwa muda mfupi. Kazi hiyohiyo Tanga ilihitaji fundi mwenye kumbukumbu nzuri na hisani ya mwenye stesheni. Zile Sh 40,000 zilizookolewa ziliishia kwenye usafiri, shukrani kwa aliyeazima prosesa na muda wa watu wanne.

Je, 5600G ingekuwa chaguo bora? Nimelifikiria swali hili kwa makini. Isingeepusha tatizo la BIOS, kwani nayo ni ya familia ileile ya Ryzen 5000 na ubao ule usingeitambua. Ingesaidia tu siku ambayo kadi ya grafiki ingeharibika, kwa kumwezesha mhusika kuendelea kutumia kompyuta akisubiri nyingine kutoka Dar es Salaam. Kwa mtu anayetegemea mashine kwa kazi ya kila siku ningeipa faida hiyo uzito mkubwa. Kwa kijana huyu, ambaye kazi yake kuu kwenye mashine ni gemu, naona 5600 ilikuwa sahihi.

Kuhusu UPS, mpangilio wa ununuzi ulikuwa kinyume. Iliwekwa mwisho kama pambo wakati ndiyo iliyokuwa kinga ya vifaa vyote vilivyotangulia, na bila tukio la BIOS huenda ingeahirishwa mpaka ajali ya kwanza ya umeme. Sasa mhusika anafikiria kubadilisha prosesa aweke Ryzen 7 5700X3D, ambayo inakaa kwenye ubao uleule. Nimemwagiza afungue kwanza ukurasa wa mtengenezaji, aangalie ni toleo gani la BIOS linaloitambua prosesa hiyo, na ausasishe ubao ukiwa bado na 5600 ndani yake, UPS ikiwa imechajiwa, kabla ya kumtuma mtu yeyote Kariakoo.